"Ukifika" ni si au quand? Wakati ujao wa Kifaransa, kwa karani wa Kibirizi

Karani mmoja wa mizigo wa Kibirizi, hapa Kigoma, ameniandikia hivi:

"Shikamoo mwalimu. Kazi yangu ni kuandikisha mizigo inayovuka ziwa kwenda Kalemie na Uvira. Na Wakongo wenyewe tunaelewana kwa Kiswahili, ila kuna mteja ambaye ofisi yake kuu iko Kinshasa, na kila ujumbe anautaka kwa Kifaransa ili aupeleke kwa wakubwa zake. Wiki iliyopita nilimwandikia: Si la marchandise arrivera, je vais vous appeler. Nilikusudia 'mzigo ukifika nitakupigia'. Haikupita dakika akanipigia yeye, amefura: Comment ça, si? Vipi tena 'ikiwa'? Kwani mzigo wangu umepotea? Ilinichukua robo saa kumtuliza. Shuleni nilikariri rai, ras, ra, ile miisho ya wakati ujao, na nikapata alama nzuri tu. Kosa langu ni nini hasa? Na je vais na -rai nachaguaje, maana kwetu sisi zote ni -ta-?"

Marahaba, mwanangu. Pole kwa robo saa hiyo. Rai, ras, ra ulizokariri hazina kosa, na mteja wako hakughadhibika kwa sababu ya mwisho wa kitenzi. Alighadhibika kwa sababu ya silabi moja ya Kiswahili uliyokuwa nayo kichwani ulipokuwa unaandika: ile -ki- ya "ukifika".

Tuitazame vizuri. Ukisema "jua likizama tutarudi nyumbani", hakuna mtu atakayekuuliza kama jua litazama au halitazama. Ukisema "mvua ikinyesha hatutavuka", hapo mvua huna uhakika nayo. Kiambishi ni kilekile. Sisi tunajua tofauti kwa sababu tunajua mambo ya jua na mambo ya mvua, wala hatuhitaji sarufi ituambie. Kifaransa hakikupi nafasi hiyo. Kinakulazimisha useme mapema: jambo hili nina hakika litatokea, sijui tu saa ngapi, au sina hakika kama litatokea kabisa? La kwanza ni quand, la pili ni si. Quand le soleil se couchera, nous rentrerons. S'il pleut, nous ne traverserons pas.

Sasa soma tena ujumbe wako kwa macho ya mtu aliyelipia shehena ya saruji. Si la marchandise: ikiwa mzigo, kama utajaaliwa. Hata mimi ningekupigia.

Kipimo ninachowapa wanafunzi wangu ni hiki. Chukua sentensi yako yenye -ki-, jaribu kuigeuza iwe na -takapo-. "Mzigo utakapofika nitakupigia." Maana imebaki ileile? Basi Kifaransa chake ni quand. Sasa jaribu "mvua itakaponyesha hatutavuka": inasemeka, lakini umeshageuka mtabiri, maana unaiahidi mvua. Hukutaka kusema hivyo, kwa hiyo hapo ni si.

Na -takapo- inakupa zawadi ya pili. Ndani yake imo -ta-, yaani wakati ujao upo palepale kwenye kishazi cha "wakati ambapo". Kifaransa hufanya hivyohivyo: quand elle arrivera, siyo quand elle arrive, kama jambo ni la mbele. Anayejifunza Kifaransa akipitia Kiingereza huangukia hapo kila siku, kwa sababu Kiingereza baada ya "wakati" hutumia kitenzi cha sasa hata kwa jambo la kesho. Vitabu vingi tulivyonavyo humwandikia mtu wa namna hiyo kurasa nzima za maonyo. Wewe ziruke. "Utakapofika" umelinyonya pamoja na maziwa ya mama. Vilevile "atakayefika wa kwanza" ni celui qui arrivera le premier, ujao kwa ujao, bila hila yoyote.

Kwenye si mambo hugeuka, na hapo ndipo Kiswahili kilikuponza mara ya pili. Sisi husema bila wasiwasi "kama mvua itanyesha, hatutavuka", tukaweka -ta- pande zote mbili. Mfaransa hapana. Baada ya si ya sharti, kitenzi hubaki wakati uliopo, na ujao huenda upande wa pili peke yake: s'il pleut, nous ne traverserons pas. Si la marchandise arrivera ingekuwa kosa hata kama mzigo wako ungekuwa kweli haujulikani ulipo.

Kuna si nyingine, pacha wake, inayowachanganya watu waliokwisha kushika kanuni hiyo. Ni ile ya "sijui kama". Je ne sais pas s'il viendra: sijui kama atakuja. Hii haiweki sharti, inauliza swali chinichini, na baada yake wakati ujao unaruhusiwa kabisa. Utaitambuaje? "Kama" yake haikubali kugeuzwa -ki-. "Sijui akija" hakuna anayeisema hapa kwetu kwa maana hiyo. Basi ikikubali -ki-, weka wakati uliopo. Ikikataa, weka ujao.

Nisogee hatua moja zaidi kwenye kazi yako, maana kuna kiambishi kingine unachokitumia siku nzima pale Kibirizi bila kujua kwamba kina Kifaransa chake kamili: -kisha-. "Mkishalipa, tutapakia." Watu wengi huandika quand vous paierez, nous chargerons. Siyo kosa la sarufi, lakini linaacha mlango wazi: mtakapolipa tutapakia, pengine papo kwa papo, pengine mzigo umeshaanza kuingia kwenye boti huku pesa ikihesabiwa. Pesa na mzigo vikianza kupishana namna hiyo, wewe karani ndiye unayebaki umeshika daftari. Andika: quand vous aurez payé, nous chargerons. Hiyo ndiyo -kisha-. Inaitwa futur antérieur, na kuiunda ni rahisi: unachukua avoir au être katika wakati ujao, unaongeza kitenzi kilichokamilika. J'aurai fini, nitakuwa nimemaliza. Dès que le bateau sera parti, boti ikishaondoka tu. Vitenzi vya kwenda na kuja huchukua être, kama ulivyofundishwa kwenye wakati uliopita, hakuna jipya.

Kuhusu kuunda wakati ujao wenyewe sitakaa sana, maana umesema ulikariri. Unachukua kitenzi kizima kama kilivyo kwenye kamusi, charger, partir, unaongeza ai, as, a, ons, ez, ont. Kinachoishia na -re hudondosha e: vendre, je vendrai, prendre, je prendrai. Ila zitazame hizo herufi za mwisho: j'ai, tu as, il a, nous avons, vous avez, ils ont. Ukiacha ule mwanzo av- wa nous na vous, ni kitenzi avoir, "kuwa na", kimegandishwa nyuma. Watu wa Kilatini walisema cantare habeo, kama kusema "ninayo ya kuimba", na kwa karne nyingi maneno mawili yakashikana yakawa chanterai. Usiwacheke. Wanaisimu huitoa -ta- yetu kwenye kitenzi taka, na ushahidi unaubeba mwenyewe kila unaposema "utakapofika" au "atakayefika": taka nzima imo humo, haijakatwa. Mfaransa alijenga kesho yake juu ya kuwa na, sisi juu ya kutaka.

Kwa kuwa mwisho wa kitenzi ni avoir ileile, hakuna kitenzi hata kimoja cha Kifaransa chenye mwisho wa ajabu katika wakati ujao. Vikorofi vinakorofisha shina tu. Usivikariri kwa orodha. Vikariri ndani ya sentensi za kazini, vitakaa. Vous recevrez la facture demain, kutoka recevoir. Je l'enverrai ce soir, kutoka envoyer. Il faudra payer la taxe, kutoka falloir. Vous pourrez retirer la marchandise, kutoka pouvoir. Le chauffeur viendra avec les papiers, kutoka venir. Je ferai le nécessaire, kutoka faire. Ce sera prêt lundi na vous aurez le reçu, kutoka être na avoir. Halafu on verra, "tutaona", na ça ira, "itakuwa sawa", ambazo utazisikia mara nyingi zaidi kuliko zote, hasa pale mambo yasipokuwa sawa. Hizo zimetoka kwa voir na aller. Zingatia pia appeler yako: ikienda wakati ujao huongeza l, j'appellerai. Payer ina maandishi mawili, je paierai na je payerai, yote halali; chagua moja uishi nayo.

Jambo la masikio sasa, kwa sababu wewe unapiga simu. Katika chargerai ile e ya katikati humezwa, unasikia kitu kama "sharj-re". Kinachobaki kubeba wakati ujao ni r peke yake. Je chargeais ni "nilikuwa napakia". Je chargerai ni "nitapakia". Kama r na l zinakupa shida, au unaipitia r juujuu, mtu wa upande wa pili atasikia kwamba kazi ilifanyika jana. Isukume hiyo r hata kama unaona aibu.

Na katika maandishi kuna herufi moja inayogharimu zaidi. Je paierai ni nitalipa. Je paierais, kwa s, ni ningelipa. Kiswahili kina e moja tu, kwa hiyo sikio letu halisaidii, na Wafaransa wengi wenyewe huzitamka sawasawa. Nikiwa kijana nimepanga chumba Bujumbura nilimwachia mwenye nyumba kikaratasi: Je paierais vendredi. Aliniganda mlangoni siku hiyohiyo, akitaka kujua ni sharti gani hilo ninalolisubiri ndipo nilipe. Tangu hapo, kabla sijaandika -rai, naibadilisha kimoyomoyo iwe ya "sisi". Nikisema nous paierons, tutalipa, naandika bila s. Nikijikuta nasema nous paierions, tungelipa, naweka s. Kwenye "sisi" tofauti inasikika, haijifichi.

Basi je vais au -rai? Shuleni tuliambiwa je vais ni ya karibu na -rai ni ya mbali. Hilo ni nusu ya kweli, na nusu hiyo ndiyo inayowapotosha watu, kwa sababu wanaanza kuhesabu siku. Saa si hoja. Hoja ni kama jambo limeshashika mizizi sasa hivi, unaliona linakuja, umeshaamua, umeshainuka.

Simama pale ufukweni Kibirizi jioni, utazame ng'ambo milima ya Congo ikifunikwa na wingu jeusi. Il va pleuvoir. Dalili zipo mbele ya macho. Lakini il pleuvra en novembre ni habari ya kalenda, huna wingu lolote mkononi. Mtoto anakimbia juu ya ubao wa kupandia boti: Tu vas tomber! Ukimwambia Tu tomberas!, umempigia ramli. Mwanamke mjamzito, elle va avoir un enfant, hata kama imebaki miezi sita, kwa sababu mtoto yumo. Binti asiyeolewa, elle aura des enfants, Mungu akipenda, hata kama ni mwakani.

Kwa hiyo je vais vous appeler siyo kosa la sarufi. Lakini inasikika kama mtu ambaye simu iko mkononi tayari: nakupigia sasa hivi. Ukaibandika nyuma ya "ikiwa mzigo", mteja akasikia mtu mwenye wasiwasi anayetaka kumpa habari mbaya mara moja. Ahadi iliyofungwa kwenye tukio la mbele, hasa kwa maandishi na kwa mteja, huvaa -rai: je vous appellerai. Ina utulivu. Katika mazungumzo ya mdomo utasikia je vais kwa wingi kuliko -rai, na ukiitumia hutakosea sana.

Usiogope je vais aller au port. Wanafunzi huiona kama kusema "naenda kwenda" wakaikata aller moja. Ni sentensi safi. Na kumbuka kwamba je vais acheter des clous inaweza kuwa "nitanunua misumari" au "naenda kununua misumari", mguu njiani. Mfaransa naye huamua kwa kuangalia kama umevaa viatu.

Kukana ni mahali pa kuangalia mpangilio tu: la marchandise n'arrivera pas aujourd'hui, lakini elle ne va pas arriver aujourd'hui, pas ikikaa kabla ya arriver. Vivyo hivyo vous: je vous appellerai, ila je vais vous appeler.

Mara nyingi hata wakati ujao hauhitajiki. Le bateau part demain à seize heures, kama sisi tunavyosema "boti inaondoka kesho saa kumi jioni". Ratiba ikishapangwa, wakati uliopo unatosha. Lakini hapo nina onyo lisilo la sarufi. Kalemie na Uvira wako nyuma yetu kwa saa moja, na Kinshasa kwa saa mbili. Seize heures ya kwetu ni quinze heures Kalemie na quatorze heures kwenye ile ofisi kuu ya mteja wako. Andika heure de Kigoma kila mara. Na ukitaja bei, jua kwamba Congo na Burundi walirithi hesabu za Wabelgiji: 90 kwao ni nonante, 70 ni septante. Vitabu vya Ufaransa vitakufundisha quatre-vingt-dix na soixante-dix. Ng'ambo wataelewa, ila vous paierez nonante dollars itakufanya uonekane mtu wa ziwani.

Kuna matumizi mawili utakayoyasikia ukadhani ni utabiri. Ofisa akikuambia vous passerez au bureau demain, hatabiri kitu. Anakuagiza, kama wetu anavyosema "utapita kesho ofisini". Amri ya Mungu yenyewe katika Kifaransa ni tu ne tueras point. La pili ni la kukisia: umemsubiri dereva, hapokei simu, mwenzako anasema il aura oublié. Neno kwa neno ni "atakuwa amesahau", na maana ni ileile: jambo limeshapita, lakini tunalikisia kwa wakati ujao. Sijui lugha nyingi zinazokutana na Kiswahili vizuri namna hii.

Basi ujumbe wako, kama ungepita kwangu kwanza, ungetoka hivi:

Bonjour Monsieur. Votre marchandise est en route. Quand elle arrivera à Kigoma, je vous appellerai. Dès que vous aurez payé les frais portuaires, nous chargerons. Si le lac est calme, le bateau partira jeudi à 16 heures, heure de Kigoma.

Yaani: mzigo wako uko njiani, utakapofika Kigoma nitakupigia, mkishalipa tu gharama za bandari tutapakia, ziwa likitulia, boti itaondoka Alhamisi saa kumi jioni. Si imo moja tu, na imebaki kwa ziwa. Hiyo mteja wako hataigombea, maana anayajua mawimbi ya Tanganyika kama tunavyoyajua sisi.